Wayahudi wa Kochi: waliheshimiwa na wenyeji miaka elfu, wakabaguana wao kwa wao (uzi mrefu)

Mwana_Mkunazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Januari 2023 nilimpeleka mama yangu Kochi, jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, kwa upasuaji wa moyo. Daktari alitaka presha itulie kwanza, kwa hiyo tukawa na siku tisa za kungoja. Mke wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama wa Kimalayali, yaani mwenyeji wa Kerala, aliniona nimejikunyata kwenye benchi kutwa nzima. Akaniambia: mwanangu, vuka maji, nenda Mattancherry ukaone mtaa wa Wayahudi. Nikadhani sikumsikia vizuri. Wayahudi, India?

Nikapanda kivuko Ernakulam, ng'ambo nikachukua bajaji. Kabla sijaona kitu nilinusa: tangawizi kavu, hiliki, pilipili manga, harufu ileile ya maduka ya viungo pale Darajani. Wapagazi wanapita na magunia kichwani. Mwisho wa kichochoro umesimama mnara mweupe wa saa, na kila upande una namba zake: za Kirumi huku, za Kimalayalam kule, na upande mwingine herufi za Kiebrania. Chini yake mlango wa sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Umefungwa. Nilikuwa nimekwenda Jumamosi, siku ya Sabato.

Jumatatu nikarudi. Kitu cha kwanza unachoambiwa ni kuvua viatu. Sinagogi nyingi za nchi nyingine watu huingia na viatu vyao, lakini hapa wanavua, kama mahekalu ya Kihindu na misikiti iliyowazunguka. Sakafu yote ni vigae vya kauri, vyeupe vyenye michoro ya buluu, vilivyoletwa kutoka China karne ya 18 na kuchorwa kimoja kimoja kwa mkono. Niliinama nikaviangalia vitano sita vilivyokuwa miguuni pangu: mti uleule, daraja lilelile, lakini mkono wa mchoraji umeteleza tofauti kila mara. Juu zimening'inia taa za vioo vya rangi, na katikati kuna mimbari yenye uzio wa shaba unaong'aa kwa kung'arishwa. Nilisimama pale bila viatu, vigae vina ubaridi mzuri, nikasahau hospitali kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tangu siku hiyo sijaacha kusoma habari za watu hawa. Naomba niwaeleze niliyoyapata.

Chumbageni

Mkuu nimeweka kambi. Hao walifikaje huko? Ni yale makabila kumi ya Israeli yaliyopotea?

Mwana_Mkunazini

Wenyewe wana masimulizi yao. Kuna wanaosema babu zao walikwenda na merikebu za Mfalme Suleiman, wengine wanasema walikimbia baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Bandari wanayoitaja ni Muziris, karibu na mji unaoitwa leo Kodungallur, Wareno waliuita Cranganore. Hiyo bandari si hadithi, Warumi na Wagiriki walikwenda kununua pilipili pale.

Ushahidi ulioandikwa ni mabamba ya shaba. Ni hati ya mfalme wa Chera, Bhaskara Ravi Varma, aliyompa mkuu wa Wayahudi aliyeitwa Joseph Rabban. Wanajumuiya kwa muda mrefu waliamini ni ya mwaka 379, lakini wasomi wa maandishi ya kale wanaiweka karibu na mwaka 1000. Mimi nakubaliana na wasomi, na sioni kama hilo linapunguza kitu. Miaka elfu ni miaka elfu.

Sasa sikilizeni alichopewa. Heshima 72. Asilipe ushuru. Apite kwa machela. Atandikiwe nguo chini akitembea. Awashiwe taa mchana. Afunguliwe mwavuli. Apigiwe ngoma na baragumu. Na yote hayo kwake na kizazi chake maadamu dunia na mwezi vipo.

Mtu wa pwani akisoma orodha hiyo hahitaji mkalimani. Mwavuli, ngoma na baragumu ndivyo vilivyokuwa vya mfalme kwetu pia. Siwa la Pate na la Lamu halikupulizwa kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo huyu mgeni hakupewa kiwanja cha kujenga kibanda akaambiwa kaa hapo utulie. Alipandishwa daraja la watawala.

Kaskazi_na_Kusi

Naongezea kidogo hapo kwa sababu ni eneo langu. Pilipili ndiyo iliyowaweka Kerala, na pilipili ndiyo iliyowaletea balaa. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 alipewa mwelekezi wa bahari, akang'oa nanga tarehe 24 na upepo wa kusi, akafika Kalikuti tarehe 20 Mei. Siku 26 tu. Njia ile watu wetu na wa Malabar, yaani pwani hiyo ya Kerala, walikuwa wanaijua zamani sana. Wareno waliichukua tu wakaitia mizinga.

Na bandari ya Kochi yenyewe haikuwepo zamani. Mwaka 1341 mto Periyar ulifurika vibaya mno, mchanga ukaziba bandari ya kale na maji yakafungua mlango mpya kusini. Biashara ikahama, na Wayahudi wakaanza kuhamia huko.

Mwana_Mkunazini

Ahsante sana nahodha. Na ushahidi wa kuhama huko upo ukutani: katika ua wa sinagogi niliyoingia kumepachikwa jiwe lenye maandishi ya Kiebrania lililotoka sinagogi ya Kochangadi, ya miaka ya 1340, mara tu baada ya mafuriko hayo.

Karne ya 16 ilikuwa mbaya. Vita vya pilipili kule Cranganore viliwang'oa Wayahudi waliobaki, na upande wa pili Wareno walikuwa wakiwasaka kwa dini yao, maana Goa walikuwa wameweka mahakama yao ya kuchunguza imani za watu. Aliyewakinga ni Raja wa Kochi. Aliwapa ardhi ubavuni mwa jumba lake, ukuta kwa ukuta na hekalu lake mwenyewe, na mwaka 1568 sinagogi ile niliyoingia ikajengwa. Fikirieni hilo: mfalme Mhindu anasali huku, Wayahudi wanasali kule, kati yao ukuta mmoja. Inasimuliwa pia kwamba Raja alikuwa na askari Wayahudi, na hakupenda kupigana vita Jumamosi kwa ajili yao.

Mwaka 1662 Wareno waliivunja sinagogi kwa sababu Wayahudi waliwaunga mkono Waholanzi. Mwaka uliofuata Waholanzi wakautwaa mji, sinagogi ikatengenezwa, na hapo ikaanza neema. Mfanyabiashara mkubwa wa enzi hiyo alikuwa Ezekiel Rahabi, wakala wa kampuni ya Waholanzi kwa miongo mingi. Ndiye aliyejenga ule mnara wa saa mwaka 1760 na kuleta vile vigae.

BintiMakunduchi

Kaka, sisi wengine tunataka kujua walikula nini na waliishije. Hao wafalme na vita tumeshawasikia.

Mwana_Mkunazini

Haki yako dada. Hapa ndipo nilipojiona niko nyumbani.

Sheria ya chakula ya Wayahudi inakataza kuchanganya nyama na maziwa. Mayahudi wa nchi za baridi wanaumia hapo, mchuzi wao hauwezi kutiwa siagi wala malai. Lakini Kerala ni nchi ya minazi! Tui si maziwa. Kwa hiyo hawa walipika kuku kwa tui, samaki kwa tui, mchuzi mzito wa bizari na majani ya mchuzi, na hakuna sheria iliyovunjwa. Mbuzi ya kukunia nazi wanayo pia, unakaa unakuna kama kwa bibi. Wana appam, mikate laini ya mchele na tui iliyochachuliwa, ukiila macho umefumba utasema chila.

Pasaka ndiyo ilikuwa sikukuu ya kazi. Nyumba inapakwa chokaa upya, visima vinasafishwa, masufuria ya shaba yanatiwa bati upya, mchele unapepetwa na kuchaguliwa punje moja moja isije ikapita chembe ya ngano. Mvinyo wa sala waliutengeneza wenyewe nyumbani kwa zabibu kavu.

Harusini bwana harusi anamvika bibi harusi tali, kile kidani cha dhahabu ambacho Wahindu na Wakristo wa Kerala nao wanavaa. Na siku ya Furaha ya Torati, wanapomaliza kuisoma Torati na kuianza upya, walizitoa hati nje na kuizunguka sinagogi. Wayahudi wengi duniani huzunguka ndani. Hawa walitoka uani, kama mahekalu yanavyotoa miungu yao matembezini.

Na wanawake waliimba. Si faraghani, waliimba mbele ya wanaume, kwa Kimalayalam, kwenye harusi na sikukuu. Nyimbo za Ibrahimu, za Sara, za kujengwa kwa sinagogi fulani, za bibi harusi anavyopambwa. Waliziandika kwenye madaftari ya shule na kuyarithisha mama kwa binti. Daftari likichakaa, binti ananakili jipya.

BintiMakunduchi

Madaftari! Bibi yangu alikuwa na la nyimbo za lelemama. Tulipohama nyumba halikuonekana tena, na mpaka leo mama anaumia akikumbuka. Hayo ya huko yaliokolewa?

Mwana_Mkunazini

Mengi, ndiyo. Yalikwenda Israeli kwenye masanduku ya nguo, na wasomi pamoja na akina mama wenyewe wakayakusanya. Vikongwe waliokuwa hawajaimba miaka mingi walikaa pamoja wakakumbushana beti. Pole kwa daftari la bibi. Kama mama anakumbuka hata nyimbo mbili, mrekodi kwa simu wiki hii.

Mzee_wa_Kisutu

Kijana, umeandika vizuri lakini kichwa cha uzi kinasema "wakabaguana" na mpaka sasa hujagusa. Usituzungushe.

Mwana_Mkunazini

Mzee wangu, nakuja, na ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi huu.

Ile sinagogi ya 1568 inaitwa Paradesi. Wale waliokulia kwenye filamu za Kihindi neno pardesi mnalijua: mgeni, mtu wa ng'ambo. Ilijengwa na waliokuja baadaye, waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na wengine kutoka Syria, Iraki na kwingineko. Wenyeji wa tangu Muziris, Wamalabari, walikuwa wengi mara nyingi zaidi na walikuwa na sinagogi zao saba. Wageni walikuwa na rangi nyeupe zaidi, wakajiita weupe na wale wakawaita weusi. Wakakataa kuoana nao. Wakadai kwamba wao ndio kizazi cha Joseph Rabban, na mabamba ya shaba wakayaweka wao. Yaani mgeni wa karne ya 16 anamwambia mwenyeji wa karne ya 10 kwamba si Myahudi kamili!

Suala lilipelekwa Misri karne hiyohiyo ya 16 kwa rabi mkubwa wa Kairo, David ibn Zimra. Akajibu kwamba Wamalabari ni Wayahudi, wakiisha kuoga majosho ya kisheria waolewe na waoe. Jibu likapokewa, likawekwa kando.

Na chini yao kulikuwa na daraja la tatu. Kwa Kiebrania waliitwa meshuchrarim, waliokombolewa. Ni kizazi cha watumwa walioachwa huru na kuingizwa dini, baadhi yao wakiwa watoto wa mabwana wenyewe. Hawa waliruhusiwa kuingia sinagogi ya Paradesi lakini wakae chini kwenye ukumbi wa nje, nyuma ya mlango. Hawakuitwa kusoma Torati. Hata makaburi walitengewa.

Mimi nimezaliwa Mkunazini, hatua chache kutoka palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Najua sauti mtu anayoitumia akiuliza "huyu ukoo wake hasa ni upi?" Niliposimama kwenye ukumbi ule wa nje niliangalia sakafu. Vigae vya buluu viko ndani. Pale walipokaa wao ni sakafu ya kawaida.

Chumbageni

Duh. Hakuna aliyesimama kuwatetea?

Mwana_Mkunazini

Alitoka kwao wenyewe. Abraham Barak Salem, alizaliwa 1882, mjukuu wa waliokombolewa, akasoma sheria Madras akawa wakili. Watu walimwita Gandhi wa Wayahudi, na si kwa kupamba. Mwaka 1929 alikuwepo Lahore kwenye mkutano wa chama cha Congress uliotangaza kudai uhuru kamili wa India. Alitetea wafanyakazi, alikaa kwenye baraza la kutunga sheria la Kochi, na aliporudi nyumbani Sabato aliambiwa akae chini ukumbini.

Akatumia silaha ileile ya Gandhi. Alikwenda na watoto wake wa kiume kugomea desturi ile ndani ya nyumba ya ibada, bila ngumi wala matusi, mwaka baada ya mwaka. Taratibu vikwazo vikaanguka: wakaruhusiwa kukaa kwenye viti, wakaitwa kusoma. Cha ndoa kikabaki. Mwanawe alipomuoa binti wa Paradesi mwaka 1950, ilibidi harusi ikafungwe Bombay, maana Kochi wazee hawakutaka kuifungisha.

Leo barabara ya mtaa ule ina jina la Salem.

Mzee_wa_Kisutu

Sasa nimeelewa. Na waliondokaje? Wahindu waliwafukuza?

Mwana_Mkunazini

Hapana mzee. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hakuna aliyewafukuza. Wamalayali wa wakati huo hawakuwachomea nyumba wala kuwaita makafiri. Waliondoka kwa hiari, kwa imani. Karne zote walisali wakielekea Yerusalemu, basi Israeli ilipoundwa 1948 waliona sala imejibiwa. Kochi nzima walikuwa kama 2,500. Wengi walikwenda katikati ya miaka ya 1950, na Salem mwenyewe alisaidia kupanga safari zao. Yeye akabaki Kochi, akafia hapo 1967.

Walicheleweshwa kwanza. Wakuu wa Israeli waliogopa matende. Kerala, kama pwani yetu, ilikuwa na ugonjwa huo, na watu waliokwisha kuuza vyombo vyao wakingoja meli walibaki wamekaa juu ya mizigo. Walipofika hawakupelekwa Yerusalemu. Walipewa vijiji vya kilimo mipakani na jangwani: Nevatim huko Negev, Mesilat Zion, Taoz, Aviezer, Yuval. Watu wa minazi na mifereji, wanaambiwa wachimbe mchanga. Lakini waliuweza. Nevatim baadaye ilisifika kwa maua ya waridi yaliyosafirishwa Ulaya.

Kaskazi_na_Kusi

Mkuu naomba tuwe wakweli, ardhi ile haikuwa tupu.

Mwana_Mkunazini

Ni kweli kabisa na nashukuru umesema. Wapalestina waling'olewa 1948, na wahamiaji wengi wa miaka ile waliwekwa kwenye ardhi zao. Wamalabari hawakuchagua wapelekwe wapi, lakini aliyeondolewa naye hakuchagua. Yote mawili nayaandika.

Chumbageni

Na zile sinagogi saba?

Mwana_Mkunazini

Kila moja na bahati yake. Za Parur na Chendamangalam serikali imezikarabati, ni makumbusho. Chendamangalam lina jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Sarah, la mwaka 1269, maandishi ya Kiebrania ya kale kuliko yote yaliyopatikana India, na karibu na sinagogi yake kuna msikiti, hekalu na kanisa, vyote unavifikia kwa miguu. Ya Kadavumbhagam pale Mattancherry dari yake ya mbao iliyochongwa ilinunuliwa, ikasafirishwa Jerusalem, na tangu miaka ya 1990 imo kwenye Makumbusho ya Israeli. Ganda lililobaki Kochi liliporomoka upande wa mbele kwa mvua mwaka 2019. Niliiona. Mti umeota dirishani.

Paradesi ilisherehekea miaka 400 mwaka 1968, Indira Gandhi akiwa waziri mkuu akaja mwenyewe. Baada ya hapo nao wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Vijana wachache, wachumba hakuna, na wale wa kuoana nao walikuwa mtaa uleule, wamewakataa miaka mia nne. Sinagogi nane, na kila kundi likihesabu damu. Bi Queenie Hallegua, mwanamke wa mwisho wa Paradesi mjini humo, alifariki Agosti 2024 akiwa na miaka 89.

BintiMakunduchi

Sala bado zinafanyika?

Mwana_Mkunazini

Sala ya jamaa inahitaji wanaume kumi watu wazima. Kwa miaka mingi wamekuwa wakingoja watalii Wayahudi wapite ili kumi watimie.

Mzee_wa_Kisutu

Umenipa kazi ya kufikiri usiku huu. Mama anaendeleaje? Hukutuambia.

Mwana_Mkunazini

Alhamdulillahi mzee, yuko salama, anatembea, anagomba kama zamani.

Nimalizie na lake. Katika mtaa ule kuna duka la tarizi lililokuwa la Bi Sarah Cohen, aliyefariki 2019 akiwa na miaka 96. Alishona vitambaa vya kufunikia mkate wa Sabato na vile vikofia vya wanaume wa Kiyahudi. Hakuwa na mtoto. Siku hizi linaendeshwa na Mwislamu aliyeanza kuja pale kijana mdogo akiuza kadi za posta, yule bibi akamlea, naye akamwahidi hatalifunga. Vitambaa vya Sabato bado vinauzwa mle.

Nilinunua kikofia kimoja cheupe, nikampelekea mama hospitali jioni ile. Mnajua yeye ameshona kofia za viua maisha yake yote. Hakuuliza cha nani wala cha dini gani. Alikigeuza ndani nje, akakisogeza karibu na taa, akapitisha kidole kwenye kila uzi kutafuta fundo. Akaniuliza: "Huyu aliyeshona yuko wapi, nimwone?"